Retroperitonia faibrosisi: maumivu ya mgongo yakiisha usidhani imeisha

Pole ndugu, na mfikishie mzee pole zangu. Umeuliza kama hii retroperitonia faibrosisi ya mzee ni kansa na kwa nini kawekewa stenti (kijibomba cha kupitisha mkojo) kwenye figo wakati analalamika mgongo tu. Mi nimeugua, nakujibu nilivyopitia.

Yenyewe sio kansa. Ni tishu ngumu kama kovu inaota nyuma ya tumbo kuzunguka aota, ule mshipa mkubwa wa damu, halafu inaikaba mirija inayoshusha mkojo toka kwenye figo. Mkojo ukikosa njia figo zinajaa na kufa taratibu. Mi miezi saba nimemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, nikiamini ni pingili za mgongo, kumbe naziumiza figo zaidi, na yale maumivu ulale vipi ugeuke vipi yapo palepale, usiku ndo zaidi, kilo zinapungua tu. Kuja kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, iko juu sana, ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimevimba, siti skani ndo ikaliona lile bonge.

Chanzo kwa wengi wetu hakijulikani, inaonekana kinga ya mwili inajigeuka yenyewe, ndo maana wanapima na IgG4, protini ya kinga iliyomo kwenye damu. Lakini waambieni kila dawa anayotumia, hasa zile za kipandauso za jamii ya ergoti, na kama ana TB au aliwahi kupigwa mionzi tumboni. Kuna kansa zinafanana na hii kwenye skani kwahiyo wakitaka biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha hilo bonge wakipime, msikatae.

Stenti inaokoa figo tu, ugonjwa wenyewe haiugusi. Kinachosinyaza lile bonge ni prednisoloni, dawa ya steroidi, kwangu walianza miligramu 40 kwa siku wakawa wanapunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi, wengine huongezewa dawa za kutuliza kinga kama mikofenoleti au methotreksati. Sasa hapa ndo nilipokosea, wiki ya pili tu maumivu yaliisha kabisa, mwezi wa tatu nikajiona mzima nikaacha vidonge mwenyewe, kitu cha hatari hata kwa mwili wenyewe maana unakua umeshazitegemea. Ugonjwa ukarudi kimyakimya, mgongo hauumi hata kidogo, kreatinini ndo ikatusema. Kwahiyo msimpime mzee kwa maumivu, mpimeni kwa damu na skani, hata miaka ijayo maana hua unarudi.

Na stenti ina muda wake, mara nyingi miezi 3 hadi 6 inabadilishwa, ikisahaulika inaziba na kuota mawe. Kama hamjapewa tarehe ya kubadilisha, kesho rudini mkaiulize.