Barua kwa mwanangu: upinde wa ratili ngapi?

Mwanangu Salim,

Waalaikumu salaam. Swali lako nimelipata: ununue upinde wa ratili 60 au wa 70, yaani nguvu ya kuuvuta kwa pauni, kwa kuwindia musi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mwezi wa tisa huko kwenu Fairbanks. Sheria ya Alaska inataka upinde usiopungua ratili 50 kwa musi, mshale wa greni 300 au zaidi (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na chembe, yaani ncha ya mshale, chenye makali kisicho na miiba. Pinde zote mbili zinafaa kisheria. Basi tuzungumze lililo kubwa kuliko hilo, yaani mshale wa kwanza.

Mtu akipiga mishale 40 uwanjani, ule wa 35 humdanganya. Mwili umeshapata moto, bega limelegea, jicho limezoea umbali. Musi hakupi mishale 34 ya kujipashia. Anajitokeza alfajiri ukiwa umekaa saa tatu kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, na nafasi ni moja. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi toka nje hivyo hivyo ulivyo, vaa koti na glavu zile zile za kuwindia, piga mshale mmoja, andika umepiga wapi, rudi ndani. Koti ni lazima, kwa sababu ugwe wa upinde ukigusa mkono wa koti mshale huenda kombo, na hilo heri ulijue Juni kuliko Septemba. Umbali wako wa kuwinda ni ule ambao mishale hiyo ya kwanza haitoki nje ya sahani ya chakula. Mapafu ya musi ni mapana karibu mara mbili ya sahani, lakini woga wa siku yenyewe utakula huo upana wote. Kama sahani inakushinda baada ya yadi 25, basi wewe ni mtu wa yadi 25, hata upinde uwe wa ratili 100.

Unalikumbuka lile bwawa. Najua hupendi nilitaje, na mjomba wako pia hapendi. Dume lilikuja likiitikia mlio wa jike, na mjomba ndiye aliyekuwa akiita na ndiye aliyeshika upinde. Dume humfuata anayeita uso kwa uso, na kifua cha mbele hakipigwi, ni mfupa mtupu. Ndiyo maana mwitaji hukaa nyuma ya mpigaji hatua 30 au 40, dume lipite likimwelekea mwitaji na limwoneshe mpigaji ubavu. Lilipogeuka lilikuwa yadi 42, na bwawa liko nyuma yake. Mshale wa kwanza wa asubuhi ile. Ulipita nyuma ya mapafu, ukaingia kwenye ini.

Damu ilikuwa nyeusi nyeusi. Ya mapafu ni nyekundu inayong'aa, ina povu, na hapo unangoja saa moja tu. Ya ini unangoja saa nne hadi sita. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, ni tumbo. Ngoja saa kumi au hata kumi na mbili. Musi aliyepigwa asiposumbuliwa hulala karibu. Mjomba alingoja nusu saa. Dume lilikuwa limelala kandokando ya maji, likasimama, likaingia bwawani, likafia humo.

Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha sahaba wake Adi bin Hatim kwamba kilichochomwa na ncha ya mshale uliotajiwa jina la Mungu ni halali, na ukimkuta mnyama amezama majini usimle, kwa kuwa hujui kama ni maji yaliyomuua au ni mshale wako. Wapo wanaosema kama jeraha lilikuwa la kuua kwa vyovyote, maji hayaharamishi. Na lile jeraha lilikuwa la kuua, hakuna aliyebisha. Lakini lingemuua lini? Baada ya saa tano? Nyama ile yote tuliivuta kwa kamba na kuikata tukiwa ndani ya maji, kwa sababu sheria hairuhusu kuacha nyama inayolika porini, tukajaza fomu za kuwakabidhi majirani. Kwetu haikupikwa. Mshale ungepita mapafu yote mawili, swali lenyewe lisingekuwepo. Mshale wa kwanza, Salim.

Na usilenge juu. Nundu na manyoya ya mabegani humfanya musi aonekane mnene kwa juu, wewe ukapiga pasipo na kitu. Pandisha jicho na mguu wa mbele kutoka chini ya kifua, ishia theluthi ya kimo cha kiwiliwili chake, nyuma kidogo ya mguu. Akikupa ubavu huku ameelekea mbali nawe kidogo, lenga mshale utokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili.

Mishale iwe ya greni 500 hadi 600, chembe cha makali yasiyokunjuka. Chembe cha kuwindia hakiruki kama cha mazoezi. Vikipiga mahali tofauti, sogeza kiegemeo cha mshale unene wa kucha tu, kuelekea kule ilikopiga mishale ya mazoezi, kisha ujaribu tena. Wano la kaboni, yaani ule mti wa mshale, likunje kwa mikono kila kabla ya kupiga, na ukisikia mlio wa kupasuka livunje ulitupe, maana linaweza kupasukia mkononi.

Haya, ratili. Upinde wa 70 husukuma mshale mzito zaidi, na hilo kwa musi si jambo dogo. Lakini anayeinua upinde mbinguni ili auvute ameshaonekana. Na tena pinde nyingi za roda za 70 hushushwa hadi 60 kwa kulegeza skrubu... Jibu ninalo, nalizuia kwa shida. Kaa kwenye kiti kifupi dukani, elekeza upinde kwenye shabaha, uvute moja kwa moja bila kuuinua, ushikilie dakika nzima, kisha upige. Jaribu zote mbili, unipigie simu.

Cheti cha mwindaji wa upinde kifuatilie sasa, eneo lile la Fairbanks ni la upinde peke yake na bila cheti huingii. Na mwulize dada yako kama friza lake kubwa bado linafanya kazi. Dume zima hutoa nyama ratili 500 hivi, na lenu halitoshi hata paja moja.

Mama yako