Maswali ya Wasomaji: Mpelelezi Binafsi Akiingia Uswahilini

Toleo lililopita tuliwaomba wanaoandika riwaya za upelelezi watuletee maswali yao. Barua karibu zote zimemhusu mtu mmoja: mpelelezi binafsi, mgumu, asiyecheka ovyo, mwenye ofisi ya chumba kimoja na kazi zake ziko Manzese, Tandale au Mbagala, mitaa ya Uswahilini ya Dar es Salaam. Tumejibu sita.

SWALI: Wahariri, salaam. Mpelelezi wangu anailinda nyumba moja ya Manzese mchana kutwa akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Rafiki yangu aliyeusoma mswada anasema haiwezekani. Kwa nini? — Mwandishi chipukizi, Tanga

JIBU: Rafiki yako kasema kweli, msikilize. Gari la namna hiyo likiegeshwa nusu saa, watoto wameshalizunguka. Ikitimia saa nzima kila mpangaji anajua limembeba nani, au anakisia, na kukisia ni kubaya zaidi. Uswahilini mtu hafichiki kwa kutoonekana, bali kwa kuwa na sababu ya kuwepo. Mpe sababu. Kwa fundi viatu anaweza kukaa dakika 40 akingoja soli ishonwe. Kwa kinyozi anangoja zamu yake, na kile kioo kikubwa cha ukutani kinamwonyesha barabara bila yeye kugeuza shingo. Kijiwe cha kahawa kinampa jioni nzima, mradi ajue kucheza drafti na asiwe mgeni wa habari za Simba na Yanga. Kwa mama ntilie muda wake ni wa kula tu. Sahani ikiisha naye bado kaketi, ataulizwa anamsubiri nani.

Halafu ijue nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida ina korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye choo, bafu na mahali pa kupikia. Uani mara nyingi pana mlango wa pili unaotokea kichochoroni. Aliyekaa mbele peke yake, basi, anaona nusu ya mambo. Ama apate mtu wa pili wa kukaa nyuma, ama akubali kwamba mtu wake ametoka zamani na yeye bado anaulinda mlango. Saa zenye faida ni alfajiri kuanzia saa 11, watu wanapowahi vibarua, na jioni baada ya magharibi.

Akianza kumfuata mtu kwa miguu, katika kichochoro amwache afike kwenye kona kwanza, kisha aharakishe hadi pale konani, kwa kuwa nafasi ni finyu na nyayo zinasikika. Kwenye daladala akae nyuma yake, na nauli kamili iwe mkononi tayari. Ugomvi wa chenji na konda ndio unaowageuza abiria wote wamtazame. Na kamwe asimwambie dereva wa bodaboda "mfuate yule". Kufikia usiku kijiwe kizima kitakuwa na habari hiyo.

Hatari kubwa kuliko zote hapo ni neno "Mwizi!" Mgeni anayezungukazunguka bila shughuli akipigiwa kelele hiyo, mawe yanafika kabla ya polisi, na wapo waliouawa hivyo bila kuiba hata sindano. Ndiyo maana mzoefu hupita kwanza kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akajitambulisha. Lakini akijitambulisha, habari inaweza kumfikia anayetafutwa kabla jua halijazama. Usilikwepe tatizo hili katika mswada wako. Lina sura nzima ndani yake.

SWALI: Shujaa wangu anapigwa nondo kisogoni, anazimia kwa muda wa saa tatu, anaamka, anawasha sigara na kwenda kuwashughulikia waliompiga. Msomaji atakubali? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Daktari hatakubali. Kuzimia kunakotokana na mtikisiko wa ubongo huwa kwa sekunde au dakika chache. Aliyezimia kwa saa tatu ameumia vibaya, anahitaji hospitali kubwa na huenda upasuaji. Mpunguzie hadi dakika moja au mbili, kisha mpe anayostahili: kichwa kinagonga, anatapika, mwanga unamuumiza macho, hakumbuki robo saa iliyotangulia pigo, na anauliza swali lilelile mara tatu. Hilo la kusahau ni zawadi kwako mwandishi, maana huenda alimwona aliyempiga na sasa hamkumbuki. Ukitaka kumtisha msomaji zaidi, tumia damu inayovuja ndani ya fuvu. Mtu anazungumza vizuri kwa saa kadhaa, halafu usingizi mzito unamchukua, mboni ya jicho moja inatanuka, na asipofanyiwa upasuaji haraka anakufa.

Usisahau fomu ya polisi, PF3. Kwa kawaida aliyejeruhiwa kwa kupigwa huipitia kituoni ili atibiwe, na humo huandikwa aliumiaje. Mpelelezi anayetaka kuwaficha polisi kazi yake ana uamuzi mgumu wa kufanya huku damu inamchuruzika shingoni.

SWALI: Anaweza kupata orodha ya simu alizopiga mtuhumiwa? — J., Mwanza

JIBU: Kwa njia halali, hapana. Kampuni za simu hutoa taarifa hizo kwa vyombo vya dola, si kwa mtu binafsi. Zipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na rafiki wa ndani ya kampuni atakayemchomolea orodha anahatarisha kazi yake na uhuru wake. Ukimtumia rafiki huyo, mwonyeshe akilipa.

Kilicho halali ni simu ya mteja mwenyewe, kwa ridhaa yake: ujumbe aliotumiwa, saa ulipoingia, miamala ya pesa. Mtu akitaka kutuma fedha kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kabla hajathibitisha. Mpelelezi analipata jina kwa shilingi chache, au anaghairi bila kutuma chochote. Hapo usimrahisishie mno. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, lakini wapo watu waliosajiliwa laini ya pili bila kujua walipoombwa waweke kidole tena. Jina likimfikisha kwa bibi kizee wa Mbagala anayeuza maandazi na asiyejua lolote, huo ni ukweli wa mjini.

SWALI: Anamkuta maiti ndani ya chumba. Atajuaje alikufa lini? — Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Kwanza asiguse, ashike simu aite polisi. Kwa macho tu anaweza kukisia, wala asitaje saa kamili. Mwili huanza kukakamaa taya na shingo, kama saa 2 hadi 4 baada ya kifo, na hukakamaa wote zikitimia kama saa 12. Baadaye hulegea tena, na kwenye joto hatua zote hizi hukimbia. Damu nayo hutuama upande wa chini na kuacha madoa ya zambarau, ambayo baada ya saa 8 hadi 12 hayahami tena. Maiti aliyelala chali mwenye madoa kifuani na tumboni amegeuzwa. Hiyo ni dalili ambayo mpelelezi wako anaweza kuiona akiwa mlangoni.

Kipimo cha joto la mwili, kinachopendwa sana katika riwaya za nchi za baridi, Dar es Salaam kinasaidia kidogo. Chumba chenye bati bila dari kikiwa na nyuzi 32, mwili wa nyuzi 37 una nyuzi tano tu za kupoteza, na huzipoteza polepole. Tazama nzi badala yake. Hutaga ndani ya saa chache machoni, puani na kwenye jeraha, na kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi.

SWALI: Bastola yenye kizuia sauti inasikika? Na lazima avae koti refu na kofia? — Msomaji wa siku nyingi, Arusha

JIBU: Inasikika. Kifaa hicho hupunguza mlio, hakiuondoi, na nyumba ya vyumba sita wataamka wote. Kuhusu koti na kofia, hayo yalikuwa mavazi ya kawaida ya San Francisco katika miaka ya 1920, Dashiell Hammett, Mmarekani wa riwaya za upelelezi, alipoanza kuandika. Yeye aliwahi kuajiriwa na shirika la upelelezi la Pinkerton, akaandika mji alioujua na watu wake walivyovaa. Fanya kama yeye kwa mji wako. Koti refu Tandale mwezi Februari ni sawa na kupiga ngoma.

SWALI: Nimechoka na fumanizi. Nipe kesi nyingine anayoweza kuajiriwa nayo mtaani. — Fundi cherehani na mwandishi, Mbagala

JIBU: Kiwanja kilichouzwa mara mbili. Uswahilini wengi hawana hati. Wana karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na majirani na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mjane anakuja na ya kwake, mfanyabiashara ana ya kwake, zote zina muhuri, na moja ni ya kughushi.

Mpelelezi aanze na tarehe. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Desemba 2014, Novemba 2019 na Novemba 2024. Karatasi iliyoandikwa Machi 2014 ikiwa na saini ya mwenyekiti aliyeingia madarakani kwa mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa mwaka huo, iliandikwa baadaye ikapewa tarehe ya nyuma. Kisha awasome mashahidi: je, majirani wa mipaka yote minne wapo, na kuna ambaye alikuwa ameshafariki siku aliyoandikiwa kusaini? Amtafute dalali wa eneo, ambaye huwa anakumbuka bei hata kama amesahau majina. Akope karatasi aipige picha pande zote mbili, airudishe siku hiyohiyo mbele ya shahidi, maana nakala halisi ikipotea mikononi mwake ameiua kesi ya mteja.

Kumkamata mghushi si kazi yake. Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake na kumkabidhi polisi bila kuchelewa, lakini karatasi hii iliandikwa miaka mingi iliyopita. Anachoweza ni kumsindikiza mjane kituoni, wafungue jalada, watoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yao katika kitabu cha kituo, na kesho yake warudi kuuliza limefikia kwa askari gani.