Jibu: Je, Slowdive walisifiwa mwaka 2017 kwa sababu ya kumbukumbu tu?

Mkuu, umeuliza kama wahakiki waliipokea vizuri albamu ya 2017 ya Slowdive, bendi ya roki ya Uingereza, kwa sababu ya mapenzi ya zamani tu. Mimi nakataa kabisa. Zamani hayo mapenzi hayakuwepo! Albamu yao ya Souvlaki ilipotoka 1993, magazeti ya muziki ya Uingereza yaliichana vibaya. Mhakiki wa Melody Maker aliandika kwamba ni heri azame kwenye bafu lililojaa uji kuliko kuisikiliza tena. Baada ya albamu ya Pygmalion, 1995, kampuni yao ya kurekodi, Creation, iliwatema na bendi ikavunjika.

Kwa hiyo waliporudi na albamu mpya miaka 22 baadaye, hakuna mtu aliyekuwa na deni la huruma kwao. Sikiliza "Star Roving" halafu "Sugar for the Pill". Ya kwanza inakuja na ukuta wa magitaa, ya pili imeacha nafasi wazi hadi besi inasikika ikitembea yenyewe. Na "Falling Ashes" mwishoni ni piano inayojirudia kwa takriban dakika nane, sauti za waimbaji wao Neil Halstead na Rachel Goswell zikipishana juu yake. Bendi inayotafuta makofi ya wazee isingethubutu kufunga albamu hivyo.

Angalia pia kilichofuata: albamu yao ya 2023, everything is alive, iliingia kumi bora za Uingereza, jambo ambalo hawakuwahi kulipata ujanani.