Vipuri vya 2020: bado vinashtakika

Ndugu yangu, unauliza kama vipuri vya ndege ambavyo bosi wako wa Houston alivipitisha Dubai kwenda Iran mwaka 2020 bado vinaweza kumfikisha mahakamani. Vinaweza. Ukomo wa miaka 5 wa kufungua mashtaka, ambao bosi anautegemea, upo kweli kwenye sheria ya kudhibiti bidhaa zinazotoka Marekani, ila mzigo wa Iran unagusa pia sheria ya vikwazo. Huko, tangu tarehe 24 Aprili 2024, ukomo ni miaka 10, na makosa ambayo muda wake ulikuwa haujaisha siku hiyo yamo. Hesabu mpaka 2030.

Ankara na barua pepe, hata zile za kuudhi, msiguse. Kuharibu ushahidi ni kosa jingine. Wewe tafuta wakili wako mwenyewe. Wa kampuni anaitetea kampuni, si wewe.