Unakwenda Dubai: hoteli ilipie kwa kadi ipi, na pesa taslimu utolee ipi

Msimu wa mzigo ukikaribia, wenzangu wa Kariakoo huniuliza swali lilelile: nibebe kadi ya benki au kadi ya mkopo? Wengi wanaamini jibu liko kwenye makato, kwamba ukipata benki inayokata kidogo umemaliza kazi. Makato yana uzito wake na nitayafikia. Lakini kwa muda wote niliokwenda kufuata mzigo Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, nimeona kinachomkwamisha mtu ugenini ni pesa yake kushikiliwa wakati bado anaihitaji. Kwa hiyo mimi huanzia hapa: mambo yakienda kombo, pesa itakayofungwa ni ya kwangu au ya benki?

Kadi ya benki, hii tunayotolea pesa kwenye ATM, inachota moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kadi ya mkopo inachota kwenye kikomo ulichowekewa na benki, nawe unalipa baadaye. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyopangwa, manunuzi yako kwa kawaida hayatozwi riba. Ukiwa Dar unaweza usione tofauti kubwa kati ya kadi hizi mbili. Ukifika mapokezi ya hoteli utaiona.

Hata kama chumba umeshakilipia, hoteli nyingi za Dubai zitakuomba kadi ili zishike amana. Tuseme wanashika dirham 200, ambayo ndiyo sarafu ya kule, kwa usiku mmoja na wewe unalala siku tano. Hapo dirham 1,000, karibu dola 272, zimefungwa. Hazijakatwa, ila huwezi kuzigusa. Ukiondoka, hoteli inaziachia kwa upande wake, lakini benki yako huku nyumbani inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kuzirudisha. Kama ulitoa kadi ya mkopo, kilichopungua ni kikomo tu. Kama ulitoa kadi ya benki, umefungiwa mtaji.

Mwenzangu mmoja lilimkuta. Yuko Naif, hapo hapo Deira, kwenye duka la mashuka, marobota yameshafungwa na jina lake limeandikwa juu kwa kalamu nene, na mashine inaikataa kadi kila akiigusisha. Akifungua simu, salio analiona. Alichokuwa anaona ni salio la jumla, wakati salio linaloweza kutumika lilishaliwa na amana ya hoteli. Tulichangishana pale pale dukani. Kwa hiyo ukifungua programu ya benki yako, tafuta hiyo namba ya pili, salio linaloweza kutumika, ndiyo uipigie hesabu.

Usichanganye amana na ile tozo ya utalii inayoitwa Tourism Dirham, iliyoanza 2014. Hiyo ni kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea daraja la hoteli, na hairudi. Na ukitaka kukodi gari, kampuni nyingi haziipokei kadi ya benki kabisa. Zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na amana yake inaweza kukaa wiki mbili hadi nne wakisubiri kama kuna faini za barabarani.

Namba za kadi zikiibwa, hesabu ni ileile. Kwa kadi ya mkopo unapinga muamala kabla hujatoa pesa yako mfukoni. Kwa kadi ya benki pesa imeshatoka, na wakati benki inachunguza wewe uko ugenini bila nauli ya teksi. Ndiyo maana tiketi ya ndege, hoteli na chochote cha kununua mtandaoni mimi naviweka kwenye kadi ya mkopo.

Sasa pesa taslimu. Hapa kadi ya mkopo iweke mbali na ATM. Ukiitolea pesa, benki inakuchukulia umekopa taslimu: unakatwa ada ya kutoa, na riba kwa kawaida inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila zile siku za nafuu unazopewa kwenye manunuzi. Na taslimu utazihitaji. Wauzaji wa jumla wa Deira wanazipenda, na wapo watakaokuongezea asilimia mbili au tatu ukitaka kulipa kwa kadi. Toa kwa kadi ya benki, toa kiasi kikubwa mara chache, kwa sababu ATM ya kule na benki yako ya huku kila moja inaweza kukukata kwa kila mara unayotoa. Kadi hiyo isiwe ya akaunti inayobeba mtaji wote. Fungua akaunti ya safari, uwe unahamishia humo kwa simu kadiri unavyohitaji. Mwizi akiipata, anakuta matumizi ya siku mbili.

Kuna swali moja ambalo mashine itakuuliza, dukani na kwenye ATM: ulipe kwa sarafu ya kule au kwa shilingi? Chagua dirham, kila mara. Shilingi zinaonekana za kufariji kwa sababu ndizo tunazozijua, lakini ukizichagua anayepanga bei ya kubadilisha ni mwenye mashine, na huweka faida yake humo. Muuza duka mwingine atakubonyezea shilingi bila kukuuliza. Soma kioo cha mashine kabla hujaweka namba ya siri. Ukiona TZS, yaani shilingi yetu, mwambie afute aanze upya. Una haki hiyo, wala usione aibu kwa kuwa nyuma yako kuna foleni.

Makato ya benki yako mwenyewe unaweza kuyapima, na kwa Dubai ni rahisi kuliko nchi nyingi. Tangu 1997 dirham imefungwa kwa dola kwa bei moja: dola 1 ni dirham 3.6725. Ukitumia kadi ya akaunti ya dola ukanunua kitu cha dirham 734.50, hiyo ni dola 200. Taarifa ya benki ikionyesha 206, basi zile 6 ni makato, asilimia tatu. Wanaokwenda Umra wafanye vivyo hivyo kwa 3.75, maana riyali ya Saudia nayo imefungwa kwa dola tangu 1986. Kadi ya akaunti ya shilingi mara nyingi inapitia mabadilisho mawili, dirham kwenda dola kisha dola kwenda shilingi, kwa hiyo kupima ni kugumu zaidi. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara, akaunti ya dola inafaa hata kwa sababu hiyo peke yake.

Jambo linalosahaulika ni laini ya simu. Ukinunua mtandaoni, benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania. Ukiitoa ili uweke laini ya Dubai, umejifungia mlango. Beba simu ya laini mbili, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujapanda ndege, na iambie benki ifungue kadi zako kwa matumizi ya nje.

Wanaoendelea mpaka Guangzhou, China, wajue kule maduka mengi yanataka kulipwa kwa simu. Tangu 2023 Alipay na WeChat Pay, programu za simu wanazolipia Wachina, zinapokea kadi za Visa na Mastercard za kigeni. Kwa Alipay, malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada yao, yakizidi hapo wanatoza asilimia 3. Isajili kadi ukiwa bado nyumbani.

Wapo wasiotaka kadi ya mkopo kwa sababu ya riba, na kwenye soko letu ni wengi. Nawaheshimu. Kulipa deni lote kwa wakati kunakuepusha kuilipa riba yenyewe, ila wapo masheikh wanaosema tatizo linaanzia kwenye mkataba, kwa hiyo hilo mwulize mwenye elimu. Pia mtu ambaye mauzo yake yanapanda na kushuka asijifunge na deni ambalo hana uhakika wa kulilipa mwezi ukiisha. Kwa wote hawa ninapendekeza kadi mbili za benki za akaunti mbili tofauti: moja ina pesa ya amana ya hoteli tu, nyingine ndiyo ya mzigo. Mapokezini unatoa ile ya kwanza, na hata wakiishikilia wiki mbili, Naif utalipa. Siku ya kuondoka omba hoteli ikupe karatasi inayoonyesha wameiachia amana. Ikichelewa kurudi, hiyo ndiyo utakayoipeleka benki.