Kazi ya maneno haitaki wimbo wa maneno

Ukitaka kujua kama wimbo unafaa kwa kazi uliyonayo mkononi, usiangalie kwanza ni wa msanii gani au wa miondoko gani. Angalia kazi yenyewe: inatumia maneno au haitumii? Kuandika barua, kusoma mkataba, kusahihisha insha za wanafunzi, kujumlisha risiti za mwezi, zote hizo hufanyika kwa lugha. Wimbo wa Kiswahili ukiwa unapigwa, sikio la Mswahili haliwezi kukataa kuelewa. Utajikuta umesoma aya moja mara tatu, au umechapa neno la kibwagizo katikati ya sentensi. Hesabu nazo huharibika kwa njia hiyohiyo, kwa sababu tunajumlisha huku tukizitaja namba kimoyomoyo.

Kufua, kupiga pasi, kupaka rangi ukuta, kumenya viazi: hapo maneno ni ruksa, tena yanasaidia, maana mikono inajiendea na kichwa kinatafuta cha kutafuna. Kuna kazi zilizochanganyika, na ndizo zinazohitaji akili kidogo. Fundi cherehani akiketi kushona mshono ulionyooka, afungulie anachotaka. Akisimama mezani kupima na kukata, apunguze au azime. Mshono uliokosewa hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa pungufu inchi mbili hakirudi.

Taarabu ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anaiweka kwa kuwa ina ala za nyuzi za udi na kanuni na inakwenda taratibu, akidhani itamtuliza aandike. Mwendo wake kweli umetulia, ila mashairi yake ni ya mafumbo, na fumbo likishaimbwa huachi kujiuliza anasemwa nani. Ile taarabu ya kisasa, ya kinanda na mipasho, usiiguse kabisa ukiwa na kazi ya kusoma au kuandika. Imetungwa isikilizwe neno kwa neno, mpaka mtu ainuke akamtunze mwimbaji. Iweke jioni, wakati wa kuchambua mchele au kusuka ukili.

Dawa yake iko ndani ya taarabu hiyohiyo, nayo ni bashraf. Ni kipande cha ala tupu ambacho vikundi vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanza mwaka 1905, hupiga kufungulia onyesho, urithi wa muziki wa Kituruki uliopitia Misri. Kanuni na fidla hutembea pamoja kwenye sauti moja, filimbi ya nai ikiingia na kutoka, ngoma ya dumbaki ikishika mapigo chini bila fujo. Hakuna anayeimba, hakuna anayekusema. Kasoro yake ni kwamba kwenye rekodi nyingi mara tu baada ya bashraf hufuata wimbo wa kuimbwa, na ndipo kazi inapokatika. Usicheze albamu nzima. Zitoe bashraf peke yake, ukusanye nane au kumi, uziweke zijirudie. Zikizoeleka masikioni zinafaa zaidi, kwa sababu kitu kipya huvuta sikio hata kikiwa hakina neno. Kwa anayetaka kutoka nje ya pwani, kora (ala ya nyuzi) ya Toumani Diabaté wa Mali na jazi ya Mulatu Astatke wa Ethiopia zinafanya kazi hiyohiyo vizuri sana.

Njia ya pili ni wimbo wa lugha usiyoijua. Mtu wa Tanga asiyejua Kiarabu anaweza kufanya hesabu za duka huku Umm Kulthum akiimba saa nzima, na sauti ile ikawa kama ala nyingine tu. Ndugu yake anayeishi Muscat hawezi, yeye anaelewa kila neno. Ni vivyo hivyo kwa Kilingala: rumba ya Kinshasa inampita mtu wa Mbeya bila kumgusa, ilhali Mswahili wa Bukavu au Goma aliyekulia kwenye lugha zote mbili atasimamisha kalamu. Kwa hiyo usiazime orodha ya nyimbo za kazi kwa mtu msiyeshirikiana lugha. Inayomtuliza yeye huenda ikakuvuruga wewe.

Dansi ya zamani inahitaji ujue wimbo umejengwaje. Nyimbo za bendi kama Msondo na Sikinde, za Mbaraka Mwinshehe, na hata za Franco na TP OK Jazz, nyingi zina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha kuimbwa, taratibu, kisa kikisimuliwa. Cha pili ni cha magitaa, ambacho Wakongo hukiita sebene na bendi zetu huita chemko: gitaa la solo na la ridhim yanapokezana vifungu vifupi, ngoma zinachangamka, tarumbeta zinaingia, na waimbaji wanabaki kuitikia au kupiga kelele za kuchochea. Kwa kazi ya mikono, wimbo mzima unafaa; unapumzika kwenye kisa, unaongeza kasi kwenye chemko. Kufua mashuka ukiwa na nyimbo hizi ni raha, kwa sababu kifungu cha magitaa kinachojirudia hukupa mwendo wa kusugua. Kwa kazi ya mezani mambo ni kinyume: chumba cha kwanza kinakuvuruga kwa maneno, cha pili kinakuvuruga kwa miguu. Kama unaipenda dansi kiasi cha kutokubali kuiacha, tumia programu ya kukata sauti kwenye simu, toa chemko peke yake, na uisikilize chini sana. Inawezekana, ila bashraf inaishinda.

Urefu wa nyimbo hizo una faida nyingine jikoni. Nyingi za dansi ni dakika 6 hadi 9. Wali wa nazi ukishakauka tui na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, unahitaji kama dakika 20, yaani nyimbo tatu za dakika 7. Huna haja ya kuangalia saa wala kufunuafunua sufuria na kuupoteza mvuke. Wa tatu ukiisha, ondoa makaa. Kwa bongofleva za dakika 3 na nusu, hesabu sita.

Tukija kwenye kasi, ipime kwa mkono. Gonga meza kufuata ngoma kwa sekunde 15, zidisha idadi kwa 4, utapata mapigo ya dakika moja. Mtu anayetembea kwa kasi ya kuchelewa daladala hupiga hatua kama 110 hadi 120 kwa dakika, na amapiano, ambayo huwa karibu na mapigo 112, humkaa vizuri miguuni. Singeli ya Dar es Salaam huanzia 200 na inaweza kufika 300. Hakuna mguu unaoifuata, ila ukihesabu pigo moja na kuruka moja, ya 220 inakuwa hatua 110 na inatembeka. Kwa kufagia uwanja au kupanga shehena stoo, singeli ni moto kwa dakika 20 za mwisho mwili ukishachoka. Ukianza nayo asubuhi utaishiwa pumzi kabla ya chai.

Orodha yenyewe itengeneze iwe na mwisho. Kosa la wengi ni kuwasha redio au mchanganyiko wa saa nne wa dijei na kuuacha uende. Mchanganyiko wa dijei una ubaya wake wa pekee: jamaa anaropoka majina juu ya muziki kila baada ya dakika mbili, na sauti ya mtu anayezungumza ghafla huvuta usikivu kuliko hata wimbo. Pangilia dakika 90. Kwa bongofleva ni nyimbo 25 hivi, kwa dansi 12. Anza na zile unazozijua kabisa, weka ngeni katikati zisizidi tatu, malizia na zenye kasi. Orodha ikikata, kimya hicho kiwe ishara ya kuinuka, kunywa maji, kunyoosha mgongo. Usiiweke ijirudie, labda iwe zile bashraf za kusomea, na hizo zitegee saa.

Kisha sawazisha sauti, na hili watu hulisahau. Rekodi za studio za Radio Tanzania za miaka ya 1970 ziko chini. Nyimbo za leo sauti yake imekandamizwa na kupandishwa mpaka juu kabisa. Ukizichanganya, utapandisha sauti umsikie Marijani Rajab, halafu wimbo unaofuata utakupasua masikio. Kwenye programu za kusikilizia kuna sehemu ya kusawazisha sauti, iwashe. Kwa faili zako mwenyewe kwenye kompyuta, programu ya bure ya MP3Gain huzileta zote kwenye desibeli 89 bila kuharibu ubora wake.

Flashi na memori kadi zina visirani vyake. Redio nyingi za gari na spika za bei nafuu husoma kadi iliyofomatiwa kwa mfumo wa kuhifadhi faili wa FAT32 tu. Kadi au flashi ya GB 64 kwa kawaida huja na mfumo wa exFAT, ndiyo maana ukiichomeka redio inakaa kimya au inaandika haioni kitu, nawe unadhani umeuziwa mbovu. Nunua ya GB 32 kushuka chini. Hata ya GB 8 inatosha: wimbo wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo zinaingia zaidi ya saa 130 za muziki. Hakikisha faili ni MP3. Nyimbo zilizokuja kama sauti za WhatsApp huwa katika mfumo wa opus, na redio huziruka bila kusema. Zikipigwa ovyo bila mpangilio, ujue redio yako haifuati majina, inafuata zilivyonakiliwa. Fomati flashi upya, zipe faili majina yanayoanza na 01, 02, 03, kisha zinakili moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo. Ukienda kujaziwa nyimbo kibandani, wape orodha iliyoandikwa. Ukisema tu "niwekee za zamani", utarudi na nyimbo 600 ambazo 40 kati yake ni wimbo uleule wenye majina tofauti.

Kuhusu bando: kusikiliza mtandaoni kwa kilobiti 128 ni karibu MB 58 kwa saa, au MB 460 kwa siku ya kazi ya saa nane. Ukipandisha hadi 320, unakula MB 144 kwa saa. Kwenye spika ndogo ya mezani tofauti hiyo huisikii, ni kuchoma bando bure. Na usiache video icheze huku umefunika simu. Picha usiyoiangalia nayo inalipiwa. Pakua nyimbo palipo na Wi-Fi, kisha simu iwe kwenye hali ya ndege, jambo linaloondoa pia milio ya meseji inayokata wimbo kila dakika.

Masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila ukipandisha desibeli 3 muda huo hukatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Simu nyingi za sasa zinaonyesha kiwango hicho eafoni zikiwa zimechomekwa. Kama huna, fanya hivi: mtu aliyesimama umbali wa mkono mmoja akisema kwa sauti ya kawaida na wewe humsikii, umezidisha. Masikio yakivuma baada ya kuvua eafoni, umezidisha sana. Sehemu yenye mashine ya kusaga au grainda, usijaribu kuishinda kelele kwa muziki. Vaa kinga ya masikio na muziki usubiri. Kwa bodaboda na baiskeli, eafoni hapana, hata sikio moja.

Sabufa nayo ina adabu zake kwenye nyumba ya kupanga. Besi hupita ukutani na sakafuni hata sauti ikiwa ya chini, na ukiibana kwenye kona ya chumba inavimba zaidi. Isogeze nusu mita kutoka ukutani, iweke juu ya kipande cha godoro, punguza besi robo. Wewe utasikia maneno vizuri zaidi, na jirani hatagonga. Ikiadhiniwa, pwani watu huzima au hushusha. Kama duka lako lina wateja wa kila namna, fanya hivyo hata kama wewe si Mwislamu. Kisomo cha Kurani sikihesabu kabisa kwenye nyimbo za kufanyia kazi, kina adabu yake ya kusikilizwa kwa utulivu. Na ukiwa unapiga muziki kwa ajili ya wateja, saluni au mgahawani, kuna mambo ya hakimiliki: kwa Tanzania, ulizia COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kabla hujaulizwa wewe.

Wimbo ukigoma kutoka kichwani usiku baada ya kazi, huenda ni ule uliokatwa katikati ulipoitwa mezani. Usikilize mara moja mpaka mwisho, na chemko yake yote, kisha ulale.