Nilifundisha hisabati Tanzania, sasa niko Houston: nitaingiaje darasani?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nimefundisha hisabati na fizikia sekondari ya serikali nyumbani Tanzania kwa miaka tisa. Nina shahada ya miaka mitatu ya sayansi na ualimu, GPA (wastani wa alama za chuo) 3.1 kwa kipimo cha tano. Mwaka jana familia yetu ilipata ukaazi wa kudumu tukahamia Houston, na kwa sasa napanga mizigo ghalani zamu ya usiku. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema lazima nirudi chuo miaka minne. Mwingine anataka dola 800 anitafutie leseni. Nilijaribu kugeuza GPA yangu mwenyewe, 3.1 gawanya kwa 5 mara 4, nikapata 2.48, na nasikia Texas wanataka 2.5. Ina maana nimekosa kwa pointi mbili za mia? Mdogo wangu mwenye stashahada ya ualimu wa msingi anakuja mwakani, naye tumwambieje?

JIBU: Nzuri, dada. Hizo dola 800 zishike, utazihitaji kwa mambo mengine. Huyo anayezitaka hawezi kukufanyia lolote ambalo huwezi kulifanya mwenyewe kwa simu yako. Na chuo cha miaka minne sahau.

Tuanze na jina, maana wengi hupotea hapohapo. Sisi tunasema leseni. Texas wanakiita cheti, na hicho ndicho cha kutafuta kwenye tovuti zao. Kinatolewa na bodi ya jimbo inayoitwa SBEC, na kazi ya kila siku inafanywa na TEA, wakala wa elimu wa jimbo ulioko Austin. Wilaya za shule, kama Houston ISD au zile za pembeni ya mji, huajiri tu. Unafungua akaunti yako kwenye mfumo wa TEA unaoitwa TEAL, na maombi ya cheti, ada zake na hatimaye cheti chenyewe hupitia humo. Hata karatasi hawachapishi siku hizi. Mwajiri anakiona mtandaoni.

Sasa hiyo 2.48. Umefanya hesabu ya uwiano kama mwalimu wa hisabati, lakini wakaguzi wa vyeti hawafanyi hivyo. Hawachukui GPA ya mwisho na kuigeuza. Wanachukua kila somo ulilosoma, wanalipangia idadi ya krediti za Marekani, yaani vipimo vya uzito wa somo, wanageuza daraja la somo hilo moja kwa kutumia jedwali lao la Tanzania, ndipo wanajumlisha upya. Ndiyo maana 3.1 yako, ambayo kwetu ni daraja la pili la chini, huenda isitoke 2.48 kabisa. Isitoshe, kanuni ya Texas inaruhusu GPA ihesabiwe ama kwa masomo yote ama kwa krediti 60 za mwisho. Kama mwaka wa kwanza ulikuchapa na wa tatu ukapanda, kama ilivyokuwa kwa wengi wetu, hizo 60 za mwisho ndizo rafiki yako. Na hiyo 2.5 ni sharti la mlango mmoja tu kati ya miwili nitakayokueleza.

Kabla ya mlango wowote, shahada yako lazima ikaguliwe na kampuni iliyo kwenye orodha inayokubaliwa na TEA. Orodha iko kwenye tovuti yao. Omba ukaguzi wa somo kwa somo. Ule wa jumla, unaosema tu kwamba una shahada, ni wa bei nafuu lakini utaulipia mara ya pili. Halafu kuna jambo linalowaumiza Watanzania kuliko Wakenya: miaka mitatu ya shahada yetu. Mkaguzi mmoja huangalia kidato cha tano na sita, akaona msingi umetimia, akaipa shahada yako uzito kamili wa shahada ya Marekani. Mwingine huhesabu miaka ya chuo tu na kuandika kwamba umesoma miaka mitatu ya chuo. Yalinikuta mimi. Kampuni ya kwanza iliniandikia barua iliyonifanya nikae wiki nzima sina hamu ya kula. Ya pili, kwa vyeti vilevile, ikanipa shahada kamili. Kwa hiyo kabla ya kulipa, waandikie uwaulize waziwazi: shahada ya miaka mitatu ya Tanzania baada ya kidato cha sita mnaihesabuje? Wapelekee na vyeti vyako vya NECTA vya kidato cha nne na cha sita hata kama hawajaviomba. Na transkripti iagize leo. Chuo kikiwa ng'ambo ya bahari, hilo ndilo litakalokula miezi.

Mlango wa kwanza ni wa walimu ambao tayari wana idhini ya kufundisha katika nchi nyingine. Unaomba TEA wapitie sifa zako. Wakiridhika, unaweza kuomba cheti cha mwaka mmoja, unaajiriwa na kulipwa kama mwalimu, na ndani ya mwaka huo unamaliza mitihani ya Texas. Mkenya hapa ana nafuu: anatoa cheti chake cha usajili wa TSC, tume ya walimu ya kwao, na mazungumzo yanakwisha. Sisi shahada yenyewe ndiyo ilikuwa idhini yetu, na barua ya ajira ikafuata. Kwa hiyo utahitaji barua rasmi kutoka mamlaka ya nyumbani inayosema wewe ni mwalimu mwenye sifa, unaruhusiwa kufundisha masomo gani, kwa ngazi gani, na huna shauri la nidhamu. Iwe na muhuri, iwe kwa Kiingereza. "Alikuwa mtumishi wetu" haitoshi. Kama una ndugu Dodoma anayeweza kufuatilia ofisini kwa miguu, mtume yeye. Barua pepe zitakuzeesha. Na usiombe hicho cheti cha mwaka mmoja Novemba wakati shule zimeshajaza nafasi, maana miezi kumi na miwili inaanza kuhesabika kilipotolewa, uwe na kazi au usiwe nayo.

Mlango wa pili ni programu ya maandalizi ya walimu, ile ambayo watu huiita njia mbadala. Hii ndiyo inayodai 2.5, na kwa mwalimu wa hisabati au sayansi wa darasa la saba na kuendelea inadai angalau krediti 15 za somo lenyewe. Wewe unazo na chenji inabaki. Unasoma kozi, nyingi mtandaoni, unaingia kuangalia madarasa ya watu, unafaulu mtihani wa somo, kisha unapewa cheti cha mafunzo kazini cha mwaka mmoja. Mwaka huo unafundisha darasa lako mwenyewe kwa mshahara, huku msimamizi akija kukuangalia. Gharama ni dola elfu kadhaa, na programu nyingi zinakubali kulipwa kidogokidogo ukishaanza kazi. Zipo za vyuo, za wilaya na za kampuni binafsi. Ya kampuni binafsi chunguza kwanza hali yake ya ithibati kwa TEA.

Ungeniuliza upite wapi, ningesema agiza ile barua ya nyumbani leo na uipe miezi mitatu. Ikija, pita mlango wa kwanza, ni wa bei ndogo zaidi. Isipokuja, usiisubiri, ingia programu. Nimeona watu wakingoja barua miaka miwili huku mitaa ya Houston imejaa shule zinazotafuta mwalimu wa fizikia.

Kiingereza kina kanuni yake. Sheria ina orodha ya nchi ambazo mhitimu wa vyuo vyake hadaiwi mtihani, kwa hiyo angalia kama nchi uliyosomea imo. Ukidaiwa TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, viwango kwa kipimo cha 30 kwa kila stadi ni 24 kuongea, 22 kusikiliza, 22 kusoma na 21 kuandika. Kuongea ndiko kunakoangusha watu. Si kwamba hatujui. Tumezoea kufikiri kwanza kimya, na mashine haisubiri.

Mitihani ya Texas yenyewe inaitwa TExES. Kufaulu ni alama 240 kati ya 300, na kila mtihani una nafasi tano tu: wa kwanza na marudio manne, labda TEA wakupe ruhusa maalumu. Usiende "kuonja" kama tulivyozoea mock. Kwa masomo yako upo mtihani mmoja unaounganisha fizikia na hisabati, darasa la 7 hadi la 12, namba 243. Upo pia wa hisabati peke yake, namba 235. Hesabu zenyewe hazitamtisha mtu aliyefundisha kidato cha sita. Kitakachokutisha ni kikokotoo cha grafu kwenye skrini. Sisi tuliolelewa na vitabu vya majedwali, tukiambiwa kikokotoo ni marufuku kwenye Basic Mathematics, tunakaa kuchora kwa mkono kitu ambacho mtahiniwa wa pembeni amekipata kwa kubonyeza mara tatu. Jifunze hicho kifaa wiki mbili kabla, pamoja na futi, inchi na galoni.

Mtihani wa pili ni wa ualimu wenyewe, PPR. Huu niliuanguka mara ya kwanza, mimi niliyekuwa mwalimu wa taaluma nyumbani. Niliujibu kama Mtanzania. Swali likisema mwanafunzi anavuruga darasa, mimi nilitafuta jibu la kumtoa nje au kumwita mzazi. Jibu lao lilikuwa kubadili shughuli ya somo na kuzungumza naye pembeni. Likija swali la mtoto mwenye ulemavu, hutakiwi kuwa na huruma tu, unatakiwa kujua kwamba ana mpango wake binafsi wa elimu wenye nguvu ya kisheria, na kamati ya kuupanga, ambayo Texas peke yake inaiita ARD, inajumuisha mzazi. Ukihisi mtoto ananyanyaswa, unaripoti wewe mwenyewe. Huwezi kumwachia mkuu wa shule. Na fimbo, dada: sheria ya Texas bado inairuhusu pale bodi ya wilaya ilipoikubali na mzazi hajaandika kukataa. Usishangilie. Usiiguse.

Alama za vidole utachukuliwa kwa uchunguzi wa kumbukumbu za jinai. Baada ya hapo cheti kamili hudumu miaka mitano, na kukihuisha kunadai saa 150 za mafunzo. Ukishakipata, masomo mengi unaweza kuyaongeza kwa mtihani tu bila programu mpya; ningeongeza ule wa kufundisha wanaojifunza Kiingereza, namba 154, kwa sababu Houston darasa lisilo na watoto wa aina hiyo ni adimu.

Wakati unasubiri karatasi, toka ghalani ukiweza. Mwalimu wa muda, yule anayeitwa asubuhi mwenzake akiumwa, hahitaji cheti cha jimbo. Kila wilaya ina masharti yake na shahada yako inatosha kwa nyingi. Utajifunza kengele, foleni na lugha ya watoto, na mkuu wa shule atakujua sura. Usikae ukitegemea kuajiriwa moja kwa moja bila cheti. Sheria ya mwaka 2015 ilizipa wilaya mwanya huo, lakini mwaka 2025 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuanza kuuziba kwa masomo makuu, na hisabati imo.

Mdogo wako kwa stashahada hataingia kama mwalimu. Shahada ndiyo kizingiti. Aje na transkripti zake, zikaguliwe, chuo cha hapa kinaweza kumpunguzia krediti kadhaa. Wakati anasoma anaweza kuwa mwalimu msaidizi, ambaye ana cheti chake chepesi kinachoombwa na wilaya inayomwajiri. Akitaka kubaki na watoto wadogo, aanze mapema kujiandaa: tangu 2021 walimu wa madarasa hayo wana mtihani wa ziada wa namna ya kufundisha kusoma, na una insha ndani yake.

Kesho ukitoka zamuni, kabla ya kulala, andika barua pepe mbili: moja ya transkripti chuoni, nyingine ya kumuuliza mkaguzi kuhusu miaka mitatu. TEAL fungua wikiendi.